KING'ORA KINACHOLIA BURE

Hakuna sauti inayomchosha askari wa zamu kama ile ya king'ora cha gari kinachopiga kelele saa nane za usiku, naye akakimbilia hapo na tochi yake na silaha yake, akakuta milango imefungwa, vioo ni vizima, na mavumbini hapana hata unyayo wa mtu. Mara ya kwanza hukimbia. Mara ya pili hutembea. Mara ya tatu hugeuza kichwa tu akiwa palepale lindoni. Mara ya nne, ambayo pengine ndiyo ya mwizi wa kweli, hajishughulishi kamwe.

Wezi wanalijua jambo hilo vizuri kuliko wenye magari. Mbinu ya kulitikisa gari na kutoweka, usiku baada ya usiku, mpaka mwenyewe akachoka na kukizima king'ora kwa mkono wake, ni mbinu kongwe inayojulikana katika miji mingi duniani. Hivyo basi king'ora kibovu humfanyia mwizi kazi hiyo bila malipo. Ndiyo sababu tumeona inafaa kulieleza jambo hili kwa kirefu katika ukurasa huu, ingawa kwa juu juu laonekana kuwa kazi ya mafundi wa gereji na si ya walinzi wa usalama.

Tunaandika tukiwa na Nabuyoga akilini, na vijiji na vituo vingine vya Wilaya ya Tororo, hadi kwenye mpaka wa Malaba na wa Busia. Huku ndiko yanakopita magari yatokayo bandari ya Mombasa, na mengi kati yake yalikwisha kutumika miaka mingi huko Japani kabla ya kupakiwa melini. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililopita umri wa miaka 8. Uganda kwa upande wake, kwa sheria ya mwaka 2018, iliweka mpaka wa miaka 15. Lakini yale yaliyoingia kabla ya hapo bado yanatembea, na yale yaliyoingia baada ya hapo nayo yanaendelea kuzeeka mikononi mwetu. Askari aliyekopa katika chama cha Wazalendo, au polisi aliyekopa katika Exodus, mara nyingi gari analoweza kulinunua ni la namna hii. Bado analilipa kila mwezi, na likiibwa deni haliibwi pamoja nalo.

Tutofautishe kwanza mambo mawili. King'ora tunachokizungumzia ni kile kilichotiwa na kiwanda chenyewe, siyo kisanduku kilichofungwa baadaye na fundi wa mtaani. Cha kiwandani hufanya kazi kwa ufunguo uleule wa gari au kwa rimoti iliyokuja nalo, na aghalabu kuna kitaa kidogo chekundu karibu na usukani kinachomweka gari likifungwa. Tazameni pia chini ya usukani: mkikuta kisanduku cha pili chenye nyaya zilizofungwa kwa utepe, basi gari hilo lina walinzi wawili wasiosikilizana, na kabla ya kumlaumu wa kiwandani ni lazima huyo mgeni aondolewe na fundi anayejua alipounganishwa.

Pia kuna king'ora kinacholia kwa haki, kikadhaniwa ni kibovu. Magari mengi yatokayo Japani huuzwa yakiwa na ufunguo mmoja tu, na kitabu chake, kama kipo, kimeandikwa Kijapani. Mnunuzi hajui hata kwamba gari lina king'ora. Siku moja analifunga kwa rimoti hali mtu amelala ndani. Yule mtu anaamka, anafungua mlango kutoka ndani, na gari linapiga kelele kama linavyopaswa, kwa kuwa lilikwisha kuambiwa kwamba ndani hamna mtu. Vilevile katika magari kadhaa, ukifunga kwa rimoti kisha ukafungua kwa kuuingiza ufunguo katika kitasa, gari hukuchukulia kuwa mwizi. Dawa ya hali zote hizo ni moja: tia ufunguo katika swichi na kuuzungusha mpaka taa za dashibodi ziwake, au bonyeza rimoti kufungua. Gari likinyamaza mara moja, hapana ugonjwa.

KUMTAFUTA MKOSAJI

Mkishaona kwamba kweli kuna ugonjwa, msikimbilie koleo. Fanyeni kama afanyavyo mpelelezi. Polisi hakamati kijiji kizima kwa sababu ya ng'ombe mmoja aliyeibwa. Huuliza saa, mahali, na nani alikuwa wapi. Wekeni daftari dogo katika gari, na kila king'ora kinapolia bure andikeni saa, hali ya hewa, na muda uliopita tangu gari kufungwa. Baada ya juma moja daftari hilo litakuwa limesema mengi kuliko fundi atakayeletwa bila habari yoyote.

Kikilia dakika chache tu baada ya gari kufungwa, mara nyingi mkosaji ni swichi ya mlango, ya buti au ya boneti. Kikilia alfajiri, wakati wa baridi na umande, ishukuni betri. Kikilia katika mvua au baada ya gari kuoshwa, maji yameingia mahali fulani, na mahali hapo aghalabu ni chini ya boneti. Kikilia adhuhuri, gari likiwa juani vioo vimefungwa, tazameni vihisi vya ndani.

Na kikilia wakati wa ngurumo? Hapa watu wa Tororo wana shida yao wenyewe. Katika hesabu za miaka ya 1967 hadi 1976, Tororo ilipata wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka, idadi iliyoifanya itajwe miongoni mwa mahali penye ngurumo nyingi kabisa duniani. Gari lenye kihisi cha mtikiso, likiegeshwa chini ya anga kama hilo, litapiga kelele hata kama halina kosa lolote. Mara nyingi kihisi hicho kina kiskrubu kidogo cha kupunguzia ukali wake. Kipunguzeni kidogo kidogo, kisha mpige gari kiganja juu ya paa kuona kama bado kinasikia. Mbuzi anayejikuna ubavu kwenye bampa naye huweza kukiamsha, na katika vijiji vyetu mbuzi ni wengi kuliko wezi.

BETRI NA BONETI

Kabla ya yote pimeni betri. Betri nzima iliyojaa, injini ikiwa imezimwa kwa saa kadhaa, huonyesha kiasi cha volti 12.6. Ikionyesha 12.0 imekwisha karibu yote. Injini ikinguruma, mita ionyeshe kati ya 13.8 na 14.4, ikiwa chini ya hapo, ugonjwa uko kwenye alteneta au kwenye mkanda wake. Vingi vya ving'ora vya zamani hukitafsiri kitendo cha umeme kushuka ghafula kuwa ni mtu anayechezea gari. Betri iliyochoka hushuka usiku wa baridi bila kuguswa na mtu, na king'ora nacho, kwa utiifu wake, hutoa taarifa. Safisheni vichwa vya betri kwa maji moto yenye magadi kidogo, vikazeni, vipakeni grisi. Wako watu waliobadilisha king'ora kizima, kumbe ugonjwa ulikuwa ule unga mweupe juu ya kichwa cha betri.

Betri ikiwa nzima, mshukiwa wa kwanza ni swichi ya boneti. Sisi tungeianza hiyo kabla ya nyingine yoyote, hasa kwa gari linalotembea katika barabara za udongo mwekundu. Swichi hii imekaa mahali pabaya kuliko zote: mbele ya injini, karibu na komeo la boneti, inapopata vumbi wakati wa kiangazi, tope wakati wa masika, na joto la injini siku zote. Ni kitufe kidogo chenye springi. Boneti ikifungwa kinabonyezwa. Boneti ikifunguliwa kinapanda, na gari linajua. Lakini kutu ikikishika kitufe hakipandi wala hakishuki sawasawa. Au mpira uliokaa chini ya boneti umeliwa na miaka, nayo boneti haikibonyezi vya kutosha, basi tingo likipita barabarani kitufe kinacheza na king'ora kinaamka. Katika magari mengine swichi hiyo imo ndani ya komeo lenyewe na haionekani.

Jaribio lake ni rahisi. Fungueni boneti, kibonyezeni kitufe kwa kidole mara kumi, mwone kama kinarudi haraka. Kipigeni dawa ya kusafishia viungo vya umeme, siyo oili ya injini, maana oili hukusanya vumbi na mwezi ujao mtarudi palepale. Ugonjwa ukiendelea, chomoeni soketi ya swichi hiyo na kulifunga gari usiku huo. Katika magari mengi swichi huunganisha umeme na bodi pale boneti inapofunguliwa, hivyo soketi ikichomolewa gari huamini kwamba boneti imefungwa. Katika mengine kazi ni kinyume: soketi ikichomolewa gari huona boneti i wazi, na halitakubali kufungwa au litalia papo hapo, hapo unganisheni matundu mawili ya soketi kwa kipande cha waya kwa ajili ya jaribio. Kukiwa kimya usiku tatu mfululizo, mkosaji amepatikana, na swichi mpya inunuliwe. Msiridhike kuacha waya ule mahali pake, kwa kuwa tangu hapo yeyote atakayefungua boneti na kuchomoa betri hataulizwa neno.

Milango na buti hupimwa kwa namna hiyohiyo, lakini zina shahidi anayesaidia. Swichi ya mlango, mara nyingi, ndiyo ileile inayowasha taa ya ndani. Kaeni ndani usiku, fungeni milango yote, kisha sukumeni kila mlango kwa bega bila kuufungua. Taa ya ndani ikimweka, au alama ya mlango kwenye dashibodi ikiwaka na kuzimika, mlango huo ndio. Huenda ni swichi, huenda ni bawaba zilizolegea kiasi kwamba mlango hauketi vizuri. Katika magari ya baadaye swichi imefichwa ndani ya komeo la mlango, na haitengenezwi bali hubadilishwa pamoja na komeo.

Vihisi vya ndani, vinavyotuma sauti isiyosikika na masikio ya mtu ili kunasa kitu kinachotembea ndani ya gari, vimo zaidi katika magari ya Ulaya. Hivi hudanganywa na vitu vidogo: kioo kilichoachwa wazi kidogo, nyigu, pambo linaloning'inia kwenye kioo cha dereva. Ondoeni pambo kabla ya kumwita fundi.

KING'ORA CHA LAND ROVER

Tumekiacha king'ora chenyewe hadi sasa kwa sababu katika Toyota nyingi hakina shida: ni honi tu, na honi haina ujanja. Lakini Land Rover, gari lililolitumikia jeshi na polisi katika nchi zetu kwa miaka mingi, lina habari nyingine. Baadhi ya magari hayo, kama Discovery ya pili iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1998 hadi 2004, yalitiwa king'ora chenye betri ndogo ndani yake, ili mwizi akichomoa betri kubwa kiendelee kulia. Wazo ni zuri. Lakini betri ile ndogo huzeeka, huvuja, na maji yake makali hula saketi iliyo kando yake. Hapo king'ora hupoteza akili: hulia bila sababu, hakisikii ufunguo, na pengine huimaliza betri kubwa usiku kucha. Ugonjwa huohuo umeyapata magari ya Volvo ya miaka ileile.

Mnaweza kubadilisha swichi zote za gari kama hilo na msipone. Kifungueni king'ora; mkiona unga wa kijani au mweupe umetambaa juu ya saketi, hapana haja ya kuendelea na upelelezi. Fundi hodari wa redio huweza kuziondoa betri zile na kutia nyingine kama saketi haijaliwa sana. Vinginevyo kinunuliwe kipya. Kumbukeni tu kwamba ukichomoa betri kubwa ya gari lenye king'ora cha aina hii, kitalia. Washeni swichi ya gari, izimeni, kisha mchomoe waya wa hasi mara moja, kabla gari halijajifunga.

Mwisho wa washukiwa ni panya. Gari lililoegeshwa karibu na ghala la mtama au la mahindi hupata wageni chini ya boneti, na wageni hao hupenda nyaya. Mkikuta vinyesi na maganda juu ya injini, fuateni mafundo ya nyaya kwa tochi kabla ya kudhani lolote lingine.

GARI LIKIKATAA KUWAKA

Hadi hapa tumesema habari za kelele. Lakini kuna ubaya uliozidi kelele. Tufikirie askari wa Nabuyoga anayeamshwa usiku ili ampeleke jirani mwenye uchungu wa kuzaa katika hospitali ya Tororo. Anabonyeza rimoti, kimya. Anafungua kwa ufunguo, king'ora kinalia. Anatia ufunguo, anazungusha, injini inakataa. Mama amelala kiti cha nyuma, na kijiji kizima kimeamka.

Askari huyo ni vema ajue kwamba rimoti na kizuia-injini ni vitu viwili. Rimoti hutumia betri ndogo ya volti 3, ile bapa kama sarafu, na ikifa milango haifunguki kwa mbali. Lakini kile kijiwe kilichofichwa ndani ya mpini wa ufunguo, ambacho ndicho kinachoiruhusu injini kuwaka, hakitumii betri hiyo. Hupata nguvu yake kutoka kwenye pete inayozunguka tundu la swichi. Kwa hiyo kufa kwa rimoti peke yake hakuzuii injini. Atie ufunguo wa asili, auache katika hali ya kuwasha kwa sekunde chache, aondoe funguo nyingine zilizo kwenye pete moja nao, ajaribu tena. Kwa gari la kitufe, aiguse rimoti juu ya kitufe chenyewe huku akikibonyeza. Kwa Land Rover za miaka ile kuna namba ya siri ya tarakimu nne, inayoingizwa kwa kuuzungusha ufunguo katika mlango wa dereva kushoto na kulia kwa hesabu. Namba hiyo ilitolewa na gari likiwa jipya. Mwenye gari la namna hiyo na aitafute leo mchana.

Ufunguo uliochongwa mjini kwa bei nafuu, usio na kijiwe hicho, utafungua mlango na hautawasha injini hata siku moja. Tangu mwaka 1998 magari mapya ya abiria katika nchi za Umoja wa Ulaya yalilazimishwa kuwa na kizuia-injini, na viwanda vya Japani navyo vimevitia katika magari mengi.

Jambo tunalolikataza kabisa ni kukata nyaya gizani. Fyuzi ya honi ichomolewe, ni halali, na kelele itakoma katika magari yanayotumia honi. Waya wa hasi wa betri uchomolewe kwa spana namba 10, ni halali pia, ingawa redio za Toyota za Kijapani zikinyimwa umeme huamka zikidai namba ya siri kwa herufi ERC, na wengi hubaki bila redio tangu siku hiyo. Lakini waya uliokatwa na kuachwa uchi hugusa bodi, na gari linaloungua halihitaji king'ora. Ikiwa ugonjwa umeshindikana na fedha hakuna, maoni yetu ni kwamba afadhali king'ora kizimwe rasmi na fundi, walinzi waambiwe, na usukani ufungwe kwa kufuli ya chuma, kuliko kukiacha kiseme uongo kila usiku.

Polisi wa barabarani na wa mpakani wanayo sababu yao ya kuzitazama nyaya hizi. Mwaka 2015 magari ya kifahari yaliyoibwa Uingereza yaligunduliwa huku Uganda, baada ya kupitishwa katika bandari ya Mombasa. Mkiona gari la thamani ambalo soketi ya king'ora imechomolewa, kifuniko cha chini ya usukani kimevunjwa, na ufunguo ni mpya wakati kila kitu kingine ni kikuukuu, huo si ushahidi wa wizi, kwani tumekwisha kuona sababu nyingi za halali. Ni sababu ya kutosha ya kuomba karatasi na kusoma namba ya chesisi polepole, pale ilipopigwa kwenye chuma na siyo kwenye kibandiko tu.

Gari likishatengenezwa, lipewe usiku saba za majaribio. Liegesheni mahali palepale lilipokuwa likilia, lifungeni kwa namna ileile, na daftari liendelee kuandikwa, hata kama ni neno "kimya" tu. Askari wa zamu aambiwe siku ambayo majaribio yameanza na siku ambayo yatakwisha. Kuanzia usiku wa nane, kikilia, atoke mbio.